Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na wakuu wa hospitali: funueni na kurasa za nyuma

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI maana zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya ziko kwako, Mganga Mkuu wa Serikali, waganga wakuu wa mikoa na wilaya, waganga wafawidhi na wakurugenzi wa hospitali zote za serikali, za dini na za binafsi, shikamooni wakuu wangu.

Mimi sio daktari, sijasomea afya hata ngazi ya cheti. Nimezaliwa Manyara kwa wafugaji, saivi niko Dar natafuta riziki. Barua hii nimeiandika nikaifuta mara mbili sababu ilikuwa imejaa hasira na majina ya watu, alafu nikakaa nikajiuliza hivi nataka nini hasa, nataka mtu afukuzwe kazi? Hapana. Nataka nikimpeleka mama yangu hospitali nikae pale kwenye benchi nje moyo wangu umetulia, niamini kwamba yule aliyeko mle ndani na koti jeupe anamwona mama kama mtu na anaiwazia shida yake. Ni hilo tu. Na wengi wetu saivi hatuna hiyo amani, kabla ya kwenda hospitali tunapiga kwanza simu kwa ndugu watatu kuuliza "pale kuna daktari mnamjua?" Kujuana ndo imekuwa kinga yetu, na asiye na wa kumjua anaenda na Mungu wake.

Naomba niwaeleze ya mama.

Mama ana miaka 63. Mwaka juzi baada ya masika alianza homa, sio ile ya kulala kitandani moja kwa moja, hii inakuja jioni inaondoka asubuhi, usiku jasho linamtoka mpaka shuka inaloa, kukikucha mdogo wangu anaanika godoro juani, na mgongo na nyonga vikawa vinamuuma mpaka kuinama kukamua mbuzi ikawa shida. Akaenda zahanati, akachomwa kidole, malaria hakuna, akapewa dawa ya malaria hivyohivyo. Haikupoa. Akaenda kituo cha afya, akaambiwa taifodi. Akanywa antibiotiki ya sipro siku kumi, akapata nafuu kidogo, homa ikarudi. Tukamtoa tukampeleka hospitali ya binafsi mjini tukijua pale ndo kuna vipimo, wakatoa damu, mkojo na choo, majibu taifodi na UTI, akachomwa sindano za antibiotiki za Powercef siku tano na madripu juu. Homa ikarudi. Hospitali ya wilaya, taifodi tena, tukarudi, "taifodi sugu". Miezi mitano, safari sita. Mimi kazi yangu ilikuwa kutuma hela na ya kutolea, kule nyumbani wakawa wanauza mbuzi mmoja mmoja, na mama alikonda hadi kitenge chake alichokuwa anajifunga mara moja akawa anakizungusha mara mbili.

Lile daftari lake ninalo hapa mezani wakati naandika. Ni daftari dogo la mistari tulilonunua duka la nje ya geti, mama akalivalisha gazeti lisichakae. Ndani kuna miandiko mitano tofauti. Kila daktari alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe juu, akaandika dawa chini, akalirudisha. Neno taifodi limeandikwa mara nne na watu wanne na hakuna hata mmoja aliyefunua ukurasa wa nyuma aone mwenzake aliandika nini na ile dawa ilifanya nini. Siwezi kuapa hawakufunua, mle ndani kwa daktari mimi sikuwepo, ila mama alikuwepo na akanambia, "Mwanangu, wananiuliza nasikia nini huku wanaandika, nikianza kujibu ameshamaliza kuandika."

Mara ya sita akapelekwa hospitali ya mkoa. Pale alipokelewa na kijana, intani, ana mwezi wa nane tu tangu aanze mafunzo ya vitendo. Mdogo wangu anasema yule kijana alichukua lile daftari akalifungua ukurasa wa kwanza kabisa akawa anasoma kimyakimya mpaka mwisho, foleni nje inapiga kelele, alafu akamwangalia mama akamwambia, "Mama shikamoo. Hii taifodi imetibiwa mara nne, mbona haisikii dawa?" Mama hakuwa na jibu. Akaanza kumuuliza vitu ambavyo hajawahi kuulizwa na mtu. Mnafuga nini? Maziwa mnachemsha au mnakunywa mabichi? Pale nyumbani kuna mnyama ametupa mimba mwaka huu?

Mama akamwambia ndio, mbuzi wawili walitupa mimba mwezi wa tatu na yeye ndo aliyewasaidia, kwa mikono yake, hana glovu wala mfuko. Kijana akaagiza kipimo cha brusela. Majibu yakatoka ndo hiyohiyo, ule ugonjwa ambao wafugaji tunauita wa kutupa mimba, tunaujua kwa mbuzi na ng'ombe ila hatujui kwamba unaingia kwa binadamu. Akaandikiwa doksi na rifampisini, wiki sita bila kuruka. Wiki ya tatu mama alilala usiku mzima shuka ikiwa kavu, mdogo wangu akanipigia simu alfajiri kunambia hivyo tu, "kaka, godoro leo sijaanika."

Wakuu, hapo ndo ilipoanza hii barua. Sababu hata hicho kipimo kisingeagizwa kama asingeuliza kuhusu mbuzi. Kilichomponyesha mama kilianzia kwenye swali.

Nikaanza kusoma, usiku baada ya kazi, na nilichokikuta ni kwamba mama yangu sio wa kwanza na hili jambo nyie mnalijua miaka mingi. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa Tanzania, wagonjwa 4,474 wenye homa kali waliokuwa wanatibiwa malaria, walipokaguliwa damu kwa umakini ni 46 tu kwa kila 100 waliokuwa na vijidudu vya malaria. Zaidi ya nusu hawakuwa navyo. Na hao wasio navyo ndo waliokufa zaidi kwa uwiano, maana walichokuwa wanaumwa hakikuguswa. Ukaja mwingine wa Moshi, watu 870 waliolazwa na homa hospitali mbili kati ya 2007 na 2008, madaktari waliwaandikia malaria 528, yani 6 katika kila 10, na waliokutwa kweli na malaria ni 14. Kumi na nne! Alafu kwenye waliopimwa zaidi, karibu robo walikuwa na magonjwa yanayotoka kwa wanyama, brusela ikiwemo, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye hayo magonjwa yalitajwa siku anapokelewa wodini.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema usitibu malaria bila kupima, vikaja vile vipimo vya haraka vya kidole, na kwa kweli hapo mlifanya kazi, pongezi zenu nazitoa kwa moyo. Ila mnaona kilichotokea? Malaria iliposimama, taifodi ikakaa kwenye kiti chake. Na inapimwa kwa kile kipimo cha Widal, ambacho kilianza kutumika 1896, kinachotafuta kinga ya mwili wala sio mdudu mwenyewe. Ukiwa uliwahi kuugua zamani kinaweza kusoma, ukiwa na homa nyingine kinaweza kusoma. Wenye taaluma wanajua kwamba kukipima mara moja tu alafu ukamwambia mtu una taifodi ni kubahatisha, cha kweli ni kuotesha damu maabara mpaka mdudu mwenyewe aonekane. Sasa kama mimi nisiye na cheti nimelijua hili kwa kusoma wiki mbili, nyie mnalijua tangu lini, na mbona kile kipimo bado kinauzwa kila kichochoro na watu wanapona vibaya au hawaponi kabisa? Nawaombeni toeni tamko la wazi kwa wananchi, sio waraka wa ndani, mtuambie Widal ina thamani gani na haina thamani gani. Na muwezeshe maabara za hospitali za mikoa zote ziweze kuotesha damu, majibu yarudi mgonjwa akiwa bado hai na bado hajachomwa sindano za siku tano za kubahatisha.

Hizo antibiotiki za kubahatisha zina bei nyingine tutakayolipa wote, wadudu wanazizoea, ipo siku mtoto ataletwa na homa ya kweli ya damu na Powercef haitamfanya chochote.

Sasa naomba niseme kuhusu madaktari wenyewe, maana nisingependa wasome hii barua waone nawashambulia. Nilikaa siku nzima na mama kwenye ile hospitali ya wilaya, ile safari ya nne, nilikuwa nimeomba ruhusa kazini nikapanda basi usiku. Daktari alikuwa mmoja. Chumba kimoja, mlango haufungi vizuri, watu wamejaa korido mpaka kwenye ngazi, ndani anaona wagonjwa, katikati anaitwa wodi ya wazazi, anatoka mbio anaenda, anarudi jasho linamtoka anaendelea na foleni, saa tisa mchana nikamwona anakula mhogo amesimama huku anasoma majibu ya mtu. Mama alikaa naye dakika labda nne. Nilimkasirikia sana siku ile. Leo nikikumbuka ule mhogo nasikia vibaya, sababu mtu aliyesimama hivyo tangu saa moja na nusu hawezi kufunua kurasa za nyuma za daftari la mtu yeyote, atashika kilicho karibu, na kilicho karibu ni taifodi. Akili ya daktari inahitaji nafasi ya kufanya kazi na hiyo nafasi nyie ndo mnaoitoa kwa idadi ya watu mnaoajiri. Mnapopanga ikama, ile idadi ya watumishi, mnapohesabu makusanyo ya kituo kwa mwezi, je kuna mtu anahesabu dakika? Kuna mganga mfawidhi anayeulizwa mgonjwa wako mmoja anakaa na daktari muda gani? Kwenye ule ukaguzi wa nyota mlioanza 2015, ule wa kukipa kituo kuanzia nyota sifuri hadi tano, ambapo vituo vingi raundi ya kwanza viliangukia sifuri na moja, mlitazama mengi ya maana. Pelekeni mbele, muongeze na hili.

Na wagonjwa tuongeleshwe. Raundi ya asubuhi wodini mnaijua, wanakuja watu kumi, daktari bingwa mbele, wanafunzi nyuma na madaftari, wanasimama kwenye kitanda cha mtu wanamwongelea yeye kwa Kiingereza dakika kumi, wanasogea kitanda kinachofuata. Mgonjwa anabaki anaangalia dari. Wodi aliyolazwa mama, kitanda cha pili alikuwepo bibi mmoja wa Kiiraqw, Kiswahili chenyewe anakisikia kwa shida, raundi ikipita anamuuliza mama, "wamesema nakufa?" Kila siku anauliza hivyo. Daktari akitumia nusu dakika kusema bibi, mapafu yako yana maji, tumeyatoa, kesho tutapiga picha tena tuone, amepungukiwa nini? Hizi shule zote walizosoma zimelipiwa na kodi ya huyo bibi. Tukielewa tunachoumwa tunameza dawa mpaka mwisho, tusipoelewa tunaacha siku ya tatu tukipata nafuu, na hilo kila nesi anajua.

Hata fomu ya ridhaa ya upasuaji, dada yangu wa baba mkubwa alisainishwa ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu anasukumwa, uchungu umembana, ameambiwa weka sahihi hapa. Hiyo sio ridhaa wakuu.

Kuna jambo la makosa ambalo tunalinyamazia sana. Mnakumbuka Novemba 2007, pale Muhimbili kitengo cha mifupa, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza moja, mmoja ana shida ya goti mwingine ya kichwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Mmoja alifariki, mwingine akapelekwa kutibiwa India. Nchi nzima ililia, mpaka leo mtu akiambiwa anaenda kupasuliwa utasikia ndugu wanamkumbusha, "hakikisha wanakuuliza jina." Mwanzoni mwa 2018 wenzetu Nairobi nao wakapata ya kwao, mtu akafunguliwa fuvu ambaye hakuwa wa kufunguliwa.

Sasa kitu ambacho sikujua na nilipokijua kilinigusa ni kwamba miezi ileile ya 2007 kuelekea 2008, hapahapa Morogoro, Ifakara, hospitali yetu ilikuwa moja kati ya 8 duniani zilizokuwa zinajaribu karatasi moja ya Shirika la Afya Duniani, pamoja na za London, Toronto, Seattle, New Delhi, Manila, Amman na Auckland. Karatasi yenye vitu 19 vya kukagua kabla ya usingizi, kabla ya kisu na kabla ya mgonjwa kutoka chumbani. Cha kwanza kabisa, muulize mgonjwa mwenyewe jina lake, anapasuliwa nini na wapi. Matokeo yalipotoka Januari 2009, kwa hizo hospitali 8 kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, madhara kutoka 11 hadi 7. Karatasi! Haihitaji umeme, haihitaji mkopo wa nje. Na Ifakara ilikuwa mle, Ifakara ya kwetu, ile ya barabara ya vumbi kipindi kile. Nawauliza waganga wafawidhi mnaosoma hapa, kwenye tieta yako, chumba cha upasuaji, leo asubuhi ile karatasi ilisomwa kwa sauti kila kitu, au ilijazwa tiki zote jioni na nesi akiwa anamalizia mafaili? Jibu lako unalijua mwenyewe. Tunachoomba sisi ni kwamba mgonjwa na ndugu wajue hiyo karatasi ipo, ibandikwe kwa Kiswahili mlango wa tieta, ili tukilala pale tujue tunatakiwa kuulizwa na tukiona kimya tuseme.

Na makosa yakitokea mtuambie. Saivi likitokea kosa familia inapata ukimya, faili linapotea, kila mmoja anasema alikuwa hayupo zamu. Alafu upande wa pili anakuja kiongozi na kamera, anamwamrisha polisi amchukue muuguzi mbele ya wagonjwa. Ile nguvu ya kumweka mtu ndani saa 48 ambayo Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 imewapa wakuu wa mikoa na wilaya iliwekwa kwa ajili ya mtu anayehatarisha amani, leo imetumika mara ngapi kwa tabibu aliyechelewa kufika au nesi aliyejibu vibaya? Wananchi huwa tunashangilia, na mimi nimewahi kushangilia, naikiri. Ila fikirieni kesho yake yule daktari aliyebaki anaamua vipi. Kesi ngumu haigusi, anaandika rufaa aondoe balaa kwake, mgonjwa anafia njiani kwenye gari. Daktari anayefanya kazi kwa woga anajitibu yeye kwanza. Kuna Baraza la Madaktari Tanganyika, kuna Baraza la Wauguzi na Wakunga, kuna sheria ya udaktari ya mwaka 2017, hao ndo wenye kazi ya kumhoji mtaalamu na kumfutia leseni kama ni mzembe kweli, na sisi tunataka huo uzembe uadhibiwe tena bila kulindana. Ila majibu yao yatufikie na sisi tulioumia, tuandikiwe barua ya kueleweka, sio tuzungushwe mwaka mzima.

Mbona kwa vifo vya wajawazito mmeweza? Kila mama akifariki kwenye uzazi kinakaa kikao, wanapitia hatua kwa hatua wapi tulichelewa, bila kutaja fulani ndo mwenye kosa. Takwimu za kitaifa za 2015/16 zilikuwa vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000, za 2022 zikasema 104. Sisemi ni vikao peke yake, kuna mpango wa m-mama na ile namba 115 ya kuita gari, kuna vituo vya kupasulia vimejengwa, kuna wakunga waliokesha. Ila mlikubali kuangalia makosa usoni. Homa ya mama yangu nayo inastahili kikao. Taifodi iliyotibiwa mara nne ingetakiwa mahali fulani iwashe taa nyekundu, mtu aseme ngojeni kwanza.

Na sisi wananchi tuna sehemu yetu, nisingekuwa mkweli nisiposema. Mtoto wangu wa pili akiwa na miaka minne alikohoa, nikampeleka zahanati ya karibu na ninapoishi, daktari mama mtu mzima akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akahesabu pumzi kwa saa ya mkononi, akanambia baba, hii ni mafua ya virusi, hana nimonia, mpe maji na uji, akianza kuhema haraka au kukataa kula mrudishe usiku huohuo. Hakuniandikia dawa. Nilitoka pale nimekasirika, daktari gani huyu hatoi hata dawa, nikapita duka la dawa nikanunua antibiotiki ya Azuma, nikapewa bila karatasi bila swali. Mtoto alipona na ningesema ni Azuma, kumbe alikuwa anapona tu. Yule mama alikuwa amefanya kazi ya udaktari kuliko wote niliowalipia vipimo vitano, na mimi nilimdharau kwa sababu hakunichoma mfuko. Tumezoea kumpima daktari kwa urefu wa orodha ya dawa. Ndo maana wengine wanaandika tu ili turidhike. Saidieni madaktari wa aina ya yule mama, watangazeni, waambieni wananchi kwamba "hauhitaji dawa" nalo ni jibu la kitaalamu, na yale maduka yanayouza antibiotiki kama pipi myafuatilie.

Kuna hili la kumbukumbu. Saivi hospitali nyingi zimeingia kwenye mfumo wa kompyuta, ni hatua nzuri, mafaili hayaliwi na panya tena. Lakini daftari la mama angalau lilikuwa la kwetu, tulitembea nalo. Sasa unatoka hospitali mkononi huna kitu, una risiti ya malipo, ukifika nyingine unaanza upya jina, umri, unaumwa nini, na vipimo vinarudiwa na vinalipwa tena. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inasema mtu ana haki ya kupata taarifa zake, na taarifa za afya ni za kwangu kuliko kitu chochote. Kila mgonjwa anayetoka apewe karatasi moja, kwa Kiswahili: ulikuja na nini, tumepima nini, tumeona nini, tumekupa nini, ukiona hivi rudi. Mgonjwa akitaka kuonwa na daktari mwingine apewe kopi zake bila kununiwa, maana saivi ukisema nataka nikasikilize na kwingine unaonekana umemtukana mtu. Daktari mzuri haogopi mwenzake asome alichoandika.

Bima ya afya kwa wote sheria yake ilishapitishwa 2023, tutachangia na wengi tutafika hospitali ambao tulikuwa hatufiki. Tafadhalini watu hawa wakute kitu. Kadi mkononi na dakika nne ndani itakuwa ni kutulipisha mapema kwa taifodi ileile.

Nimalizie na yule kijana. Mama alipomaliza dawa alinituma nimtafute, amemuwekea asali ya kwetu lita tatu kwenye dumu, amelifuta vizuri na kulifunga nailoni juu ya kifuniko. Nilienda pale hospitali nikaambiwa intani wa awamu ile walishamaliza mwaka wao wameondoka. Nikaomba namba kwa muuguzi mmoja, akampigia kwanza kumuuliza kama nipewe, akakubali. Alinikumbuka, au alimkumbuka mama, aliuliza "yule wa mbuzi wawili?" Nikamuuliza uko hospitali gani sasa tukuletee zawadi yako. Akasema yuko nyumbani kwao, ana leseni yake, ameomba ajira kila tangazo lilipotoka, anasubiri, na kwa sasa anamsaidia kaka yake dukani.

Mheshimiwa Waziri, ile asali bado iko kwangu. Mama anarudi kliniki mwezi wa kumi kuangaliwa mgongo, ameninunulisha daftari jipya la kuendelezea lile la zamani, na ameyashona yote mawili pamoja na uzi.

Ni mimi mtoto wa mfugaji,
Manyara, kwa sasa Dar es Salaam